Kofia ya Medard

Kofia ya mgeni ilikutwa imeganda. Ndivyo lilivyoanza, na lilikuwa jambo dogo kiasi kwamba hata aliyelipata hakulipa uzito. Bwana Tschudi wa Zurich, mteja wa miaka mingi wa Hoteli Grathorn, aliitundika kofia yake ya sufu kando ya jiko la mawe, kavu, akalala zake. Asubuhi akaikuta juu ya mto, karibu na shavu lake, imekakamaa kwa barafu, na ndani yake mna unywele mmoja mwekundu. Bwana Tschudi ana upara tangu ujana.

"Paa lenu linavuja," alilalamika mapokezini, ameishika kofia kama aliyeshika samaki.

"Tutalitazama leo leo, bwana," alisema Bi Kresentia, mwenye hoteli. "Utuwie radhi sana."

Alimhamishia chumba kingine, akampelekea na chupa ya mvinyo mweupe. Lakini hakumtuma mtu kutazama paa. Kile Chumba cha Mbao alicholala kiko chini kabisa, na juu yake kuna ghorofa nne za wageni. Bi Kresentia aliuchukua ule unywele, akauzungusha kwenye kidole chake, akaenda nao jikoni.

Wageni wa mji wetu wa Sankt Jodern hukigombea Chumba cha Mbao. Mbao zake zilitolewa katika nyumba ya babu yake Bi Kresentia, ubao mmoja mmoja, zikajengwa upya kwenye pembe ya hoteli inayoutazama mlima. Zimekuwa nyeusi kwa moshi wa miaka mingi. Kitandani mna mfarishi wa manyoya ya bata, na jiko la mawe lina benchi la kukalia kulizunguka. Ukutani, upande wa mlima, kuna tundu la ukubwa wa kichwa cha mtu, lenye kibao cha kusogeza. Wageni wote huliuliza.

"Ni la paka," huwa tunawajibu, nao hucheka na kulipiga picha.

Si la paka. Ni tundu la roho. Katika bonde letu, mtu akikata roho, mkono ulio karibu husogeza kile kibao, kikaachwa wazi kwa muda wa sala moja ya Baba Yetu, kisha kikafungwa. Hufunguliwa ili aende, na hufungwa ili asirudi. Akitoka hapo huanza safari ya kupanda kwenye ule mto wa barafu ulioganda kule juu, akatakaswe kwa baridi kabla ya kupokelewa peponi. Mapadre wetu hawalihubiri jambo hilo, ila hawajaweza kutuachisha. Na mgeni aliyekuja kupumzika utamwambiaje kwamba amelala mahali ambapo watu wa ukoo mzima wamepitia wakienda zao?

Wa mwisho kulala pale akiwa anakufa alikuwa Medard, mtoto pekee wa Bi Kresentia.

Medard alikuwa kiongozi wa wageni mlimani, kijana wa nywele nyekundu na mdomo usiotulia. Kila asubuhi, akishajifunga viatu vya skii, vile vya kutelezea thelujini, na kuelekea mlango wa nyuma, mama yake alikuwa akimpigia kelele kutoka jikoni, "Kofia!" Naye hujibu, "Ipo, mama!" Hata alipooa, hata alipopata mtoto, aliitwa hivyo hivyo mbele ya wageni wake, wakamcheka, na hakuona aibu. Bi Kresentia alikuwa mjane na huyo ndiye aliyembakia. Kumkumbusha kofia ndiyo ilikuwa namna yake ya kumwombea.

Asubuhi ile hakumwita. Basi zima la wageni lilikuwa limeshuka mlangoni, mizigo imezagaa, simu zinalia, na Medard akapita na skii zake begani bila mtu kumsemesha. Kofia yake ilibaki kwenye ndoano. Mchana poromoko la theluji lilimzika yeye peke yake, wageni wake wakapona. Walipomfukua alikuwa bado anahema. Helikopta haikuweza kuruka kwa sababu ya ukungu, barabara ilikuwa imefungwa, wakamleta mahali palipokuwa karibu zaidi na penye moto, yaani Chumba cha Mbao. Mama yake alimsugua mikono, alimpulizia pumzi yake mwenyewe kwenye nywele zilizoganda. Alikata roho magharibi, wakati lifti za kupandisha watu mlimani zinafungwa na watu wanarudi mjini wakiimba.

Leander, binamu yake, ndiye aliyekuwa karibu na tundu. Alinyoosha mkono kusogeza kibao. Bi Kresentia akaupiga ule mkono kwa nguvu zake zote.

"Usiguse!" alisema. "Nje ni baridi."

Mke wa Medard, Marlis, alikuwa amepiga magoti sakafuni na uso wake kifuani pa mumewe, hakuona wala kusikia. Kesho yake Bi Kresentia alikipigilia kibao kile misumari minne, akatundika juu yake picha ya Mama Maria. Leander alijua, akanyamaza. Nani angeweza kumkemea? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Marlis alimchukua mtoto wake Selina, akahamia Bern, mahali ambapo mlima unauona kwa mbali tu, tena siku njema.

Ndipo zikaanza hizo habari za kofia. Baada ya Bwana Tschudi, alikuja mama mmoja Mbelgiji, kofia yake ya manyoya ikakutwa imelowa chini ya benchi. Wakaja maharusi. Bi harusi alisema kwamba alfajiri alihisi mtu akipapasa mto wake polepole, kama mtu anayetafuta miwani gizani, na alipomshika mumewe akakuta mumewe yuko upande mwingine, na amepoa mwili kama aliyelala nje. Waliondoka hata chai hawajanywa.

"Shangazi," Leander alimwambia Bi Kresentia kwa sauti ya chini, "wasafishaji hawataki kuingia mle. Wanasema kuna mtu anavua viatu vya skii. Wanasikia vifungo vikifyatuka, kimoja, kingine, halafu kiatu kinawekwa chini. Na ile harufu ya sufu mbichi na nta ya skii haitoki hata wakifungua madirisha."

"Basi wasifungue. Kwa nini wanampulizia baridi?"

Leander alimtazama. "Wanampulizia nani, Shangazi?"

Bi Kresentia aliendelea kukunja vitambaa vya meza, na usoni mwake mlikuwa na jambo lililomtisha Leander kuliko vile viatu, kwa maana lilikuwa furaha.

Tangu hapo aliacha kukikodisha chumba kile. Kila jioni, lifti zinapofungwa, aliingia mwenyewe, akawasha jiko la mawe hadi mawe yakawa hayashikiki, akakaa kwenye benchi na soksi anazofuma. Hakuwahi kumwona. Alisikia viatu vikivuliwa, alisikia benchi likilia upande wa pili kama limekaliwa, halafu joto likaanza kuondoka chumbani, kwanza miguuni, kisha magotini, na pumzi yake ikawa inaonekana, na moto bado unawaka. Alivumilia. Alitoka mle akitetemeka, vidole vimekuwa vya buluu, na alikula supu yake kwa raha. Mwanangu yuko ndani, alijiambia. Mwanangu anaota moto.

Mwaka ulipotimia, Marlis alikuja na Selina kwa ajili ya misa ya kumbukumbu. Ilikuwa wiki ya Krismasi na hoteli imejaa mpaka kwenye vyumba vya watumishi.

"Kimebaki kile cha Mbao," alisema Bi Kresentia. "Laleni humo. Mtakuwa... mtakuwa pamoja."

"Pamoja na nani, mama?"

"Pamoja nasi. Na familia. Ah, Marlis, usinikamate maneno, nimechoka."

Marlis hakutaka. Lakini theluji ilikwishaanza kuanguka, na Selina alikuwa amesinzia juu ya sanduku.

Siku ya kwanza mtoto aliamka na nywele mbichi. Mama yake alidhani ni jasho. Siku ya pili zilikuwa na chembe za barafu kwenye ncha, na mikono yake haikupata joto hata alipopewa kikombe cha chokoleti akishike. Hakulalamika. Alikaa kimya kwenye benchi la jiko, mtoto wa miaka sita aliyezoea kukimbia ngazi zote za hoteli, na alipoulizwa kama anaumwa alitikisa kichwa.

"Baba ndiye anayeumwa," alisema. "Anasema kichwa kinamuuma kwa baridi. Amezijaribu kofia zote, hazimwenei. Ananikumbatia ili apate joto, lakini halimwingii."

Marlis aligeuka kumtazama mama mkwe wake, akitegemea kumwona akishangaa kama yeye. Bi Kresentia alikuwa analia na kutabasamu.

Siku hiyo hiyo walimhamisha mtoto chumbani kwa bibi yake, ghorofa ya juu. Alfajiri kitanda kilikuwa kitupu. Walimkuta kwenye Chumba cha Mbao, amejikunja kwenye benchi, ngozi yake imekuwa na rangi ya mshumaa. Daktari aliyekuwa miongoni mwa wageni alimpima, akapima tena, akasema mwili wa mtoto unapoa na yeye haoni sababu, apelekwe hospitali bondeni mara moja. Lakini barabara ilikuwa imefungwa tena, na mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mapaa, na helikopta haikuweza kuruka. Ilikuwa vile vile kama mwaka uliopita.

Leander ndiye aliyekwenda kumleta Padre Engelhard. Huyo ni mtawa wa Kikapuchini, mzee wa ndevu, anayekuja kila Krismasi kusaidia parokia yetu, na watu wa mabonde yote wanajua kwamba akiitwa nyumbani kwa mtu hakuitwa kubariki ng'ombe tu. Aliingia na theluji mabegani, akasimama katikati ya chumba, akavuta hewa puani.

"Sufu mbichi," alisema. "Tundu liko wapi?"

Leander alitazama viatu vyake. Kisha akaenda ukutani, akaishusha picha ya Mama Maria, na Marlis akaiona misumari.

Marlis aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Mama, ulimfungia?"

"Marlis, mwanangu..."

"Mwaka mzima nimewasha mishumaa. Nimemwombea afike. Kumbe yuko hapa, umemfungia kama kuku! Na sasa anamla mwanawe, na hata hajui kwamba anamla."

"Alikufa kwa baridi!" Bi Kresentia alipiga kelele. "Mikono hii ndiyo iliyomsugua. Mnataka nimfungulie mlango aende kwenye barafu tena? Bila kofia? Mama gani angefanya hivyo? Niambieni, mama gani?"

Padre Engelhard alikaa kwenye benchi kando ya mtoto, akamfunika na joho lake.

"Kresentia," alisema, "humu ndani kwake ni baridi kuliko huko. Mwaka mzima anauota moto usiomfikia. Nikitaka naweza kumtoa, maji ya baraka na maneno ninayo, na nimekwisha kutoa wakaidi kuliko yeye. Lakini anayefukuzwa hutoka akilia, na bonde zima litamsikia kila dhoruba. Anayeagwa na mama yake hutoka kama mtoto anayekwenda kazini. Chagua wewe, ila chagua upesi. Mguse huyu mtoto."

Bi Kresentia alimgusa. Paji la uso la Selina lilikuwa vile vile lilivyokuwa la Medard siku ile, na vidole vyake vikakumbuka kabla ya akili yake kukumbuka.

"Nipeni koleo," alisema.

Ilikuwa magharibi. Kule nje lifti zilikuwa zimesimama tangu asubuhi kwa dhoruba, hakuna aliyekuwa akirudi wala kuimba. Msumari wa kwanza ulitoka ukilia. Wa pili ukamkata kidole. Alipoung'oa wa tatu, vile vifungo vya viatu vikaanza kufyatuka nyuma yao, kimoja, kingine, na safari hii havikuwa vinafunguliwa bali vinafungwa, na Leander akafanya ishara ya msalaba, na ule moto ndani ya jiko ukalala chini ukawa wa buluu, na dari ikaanza kumeta kwa barafu nyembamba iliyokuwa inatambaa kutoka pembe hadi pembe juu ya zile mbao nyeusi, mpaka kitasa cha mlango, mpaka ndevu za Padre aliyekuwa akinong'ona sala zake bila kusita, na ile harufu ya sufu na nta ikawa nzito hata Marlis, ambaye aliifahamu harufu hiyo kuliko mtu yeyote duniani, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili asije akaliita jina la mumewe akamzuia. Msumari wa nne ukatoka. Bi Kresentia akasogeza kibao.

Theluji iliingia kwa kishindo. Wakangoja. Baba Yetu moja ikaisha, na ya pili, na baridi ile ikawa imesimama pale pale.

"Hatoki, Bibi," alisema Selina. Midomo yake haikuweza kutamka vizuri. "Amesimama mlangoni."

"Anangoja nini, kipenzi changu?"

"Umwambie ile ya kila siku."

Bi Kresentia hakuelewa. Kisha alielewa. Aliingiza mkono kifuani mwake, chini ya sweta, akatoa kofia ya sufu ya kijani yenye kishada cha nyuzi juu yake. Hakuna aliyejua kwamba mwaka mzima alikuwa anaivaa moyoni, mchana na usiku. Wageni walikuwa wakikuta kofia zao zimelowa na kuganda kwa sababu yake. Medard alikuwa akipapasa mito yote ya dunia, na mama yake ameiweka mahali ambapo mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kutia mkono.

Aliiweka kwenye ukingo wa tundu. Aliipapasa mara moja, akautoa uzi uliokuwa unaning'inia.

Kisha akaita kwa ile sauti ya jikoni, ya mwanamke mwenye sufuria motoni na wageni mlangoni, sauti ya asubuhi zote.

"Kofia!"

Upepo ukanyamaza. Na wote waliokuwa ndani, Padre naye akiwemo, wakasikia karibu kabisa, sauti ya kijana anayetoka haraka.

"Ipo, mama."

Kofia haikuwapo tena ukingoni. Kule nje viatu vizito vilikanyaga theluji, vikapita chini ya dirisha, vikashika njia ya kupanda, navyo vikawa vinasikika, vikawa vinasikika kidogo, vikawa havisikiki. Moto ukainuka ndani ya jiko. Selina akaanza kutetemeka, kisha akaanza kulia kwa sauti kubwa kama mtoto yeyote mwenye baridi, na Marlis akamnyakua, akalia naye.

"Mama," alisema Marlis kwa upole. "Sasa funga."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kufungua ni huruma, hata mgeni angefungua. Bi Kresentia alisimama na mkono wake kwenye kibao, uso wake ndani ya lile tundu, theluji ikimwangukia kwenye nyusi, akitazama gizani upande wa mlima. Padre hakumharakisha. Leander alipiga hatua kumsaidia, akasita, akaukumbuka mkono wake uliopigwa. Mwishowe mama yule alikisogeza kibao kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala.

Selina alipona. Alikula viazi na jibini ya kuyeyushwa hadi akaambiwa basi. Barabara ilipofunguliwa hawakurudi Bern, na mpaka leo Marlis ndiye anayekaa mapokezini. Chumba cha Mbao kinakodishwa tena, na wageni hulala mle kwa amani, kofia zao zikabaki kavu kwenye ndoano. Wakiuliza habari za tundu tunawaambia ni la paka.

Ila kila siku kabla ya wageni kurudi kutoka mlimani, Bi Kresentia huingia mle peke yake kutandika mfarishi, kazi ambayo hataki mtu mwingine aifanye. Akimaliza husogea ukutani, akaweka midomo yake karibu na kile kibao kilichofungwa.

"Kofia," husema, polepole.

Husimama akisikiliza, mkono mmoja ukiwa kifuani, pale ilipokuwa kofia. Hakuna anayemjibu. Hufuta macho, hunyoosha aproni yake, akatoka kwenda kuwapokea wageni.